UZI: Josina Machel, msichana aliyeshika bunduki kabla hajawa mke wa Samora

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Kila tarehe 7 Aprili sisi huku tunapumzika. Ni siku ya Mzee Karume, aliyepigwa risasi Kisiwandui tarehe hiyo mwaka 1972. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, nao wanapumzika siku hiyohiyo, lakini wao wanamkumbuka mwanamke. Na mwanamke huyo alifia kwetu, Muhimbili, mwaka mmoja kamili kabla ya Karume. Akazikwa Kinondoni. Alikuwa na miaka 25.

Jina lake Josina Machel. Niliowauliza hapa Dar, wengi hawakuwahi kulisikia. Wachache waliolisikia walinijibu, "Si yule mke wa Samora?" Hapo ndipo panaponiuma. Ndiyo, alikuwa mke wa Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, tena kwa miaka isiyotimia hata miwili. Lakini alipoolewa alikuwa ameshafungwa jela, ameshavuka mipaka ya nchi nne kwa kujificha, ameshapita kambi ya mafunzo ya Nachingwea na ameshabeba silaha msituni. Ndiyo maana nimeamua kufungua uzi huu. Nitaandika kwa vipande, maana mambo ni mengi. Mnivumilie.

Alizaliwa tarehe 10 Agosti 1945 Vilanculos, mkoa wa Inhambane, kusini mwa Msumbiji. Jina la ukoo ni Muthemba. Ni familia ya watu wa kanisa, na ni kanisa hilohilo lililowafundisha kumhoji Mreno. Babu yake alikuwa mhubiri asiyeficha maneno. Ndugu zake kadhaa walionja jela kwa nyakati tofauti, kwa hiyo huyu mtoto hakuhitaji kitabu kumweleza ukoloni ni nini. Aliuona ukija kubisha hodi mlangoni.

Akapelekwa kusoma Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya leo. Huko akaingia NESAM, umoja wa wanafunzi wa Kiafrika ulioanzishwa na Eduardo Mondlane mwaka 1949. Kwa nje ulikuwa umoja wa masomo na utamaduni. Ndani yake vijana walikuwa wanafundishana historia ambayo shule za Mreno hazikuigusa, na PIDE, polisi wa siri wa Ureno, walilijua hilo na walikuwa wakiwafuatilia.

Juni 1962 FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ikaundwa hapahapa Dar es Salaam, Mondlane akiwa kiongozi wake. Habari zikafika kusini. Machi 1964 Josina, akiwa na miaka 18, akatoroka na wenzake kuja kujiunga. Katika msafara huo alikuwamo kijana mmoja anaitwa Armando Guebuza, ambaye miaka 41 baadaye akawa rais wa Msumbiji. Walifika Victoria Falls, upande wa Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo, wakakamatwa. Wakarudishwa mikononi mwa PIDE.

Naendelea baada ya kula.

Mdau wa Tabata

Dada, nimeweka kambi hapa. Swali dogo: kwa nini wapitie Rhodesia? Si wangepanda tu kaskazini moja kwa moja mpaka Mtwara?

Mleta uzi

Swali zuri. Chukua ramani, kaka. Lourenço Marques iko chini kabisa, karibu na Afrika Kusini. Msumbiji ina pwani ya zaidi ya kilomita 2,400, na Tanzania iko juu kabisa, baada ya Ruvuma. Ukipita ndani unapita kila mahali chini ya Mreno, na mtu mweusi akisafiri mbali anaulizwa karatasi. Njia ya nje ndiyo iliyokuwa na nafuu kidogo: unavuka kwenye nchi ya jirani, unapanda treni, unaomba Mungu. Nafuu yenyewe mmeona ilivyowaponza.

Walikaa kizuizini miezi kadhaa. Alipotoka alibaki akichungwa. Septemba 25, 1964 risasi ya kwanza ya vita ikapigwa Chai, Cabo Delgado, kaskazini kabisa, na Josina yuko kusini, polisi wanajua anapolala.

Sasa hapa naomba mtulie kidogo. Msichana wa miaka 19, ameshaona chumba cha PIDE kilivyo. Sijui kama mimi kwa umri ule ningethubutu mara ya pili. Yeye alithubutu. Mwaka 1965 akatoroka tena, safari hii kupitia Swaziland, Afrika Kusini ya makaburu, Bechuanaland ambayo sasa ni Botswana, Zambia, ndipo akaingia Tanzania. Njiani Waingereza waliokuwa wakiitawala Bechuanaland walitaka kuwarudisha, na Mondlane ikabidi apige kelele kutoka Dar mpaka wakaachiwa wapite.

Dar akapokelewa Kurasini, kwenye Taasisi ya Msumbiji. Hiyo ilikuwa shule ya FRELIMO kwa vijana waliokimbia, na mkurugenzi wake alikuwa Janet Mondlane, mke wa Eduardo, Mmarekani. Josina akawa msaidizi wake. Kazi yenyewe ilikuwa ya ofisini: barua, wanafunzi, misaada. Muda si mrefu ikaja nafasi ya kwenda kusoma chuo kikuu Uswisi.

Akaikataa. Akasema anakwenda Nachingwea.

Mzee wa Lindi

Mwanangu, umenigusa. Mimi nimekulia upande huo. Wazee wetu mahali pale walipaita Farm 17, na vijana wa sasa bado wanapaita hivyo, hawajui kwa nini. Ni jina la mashamba ya ule mpango wa karanga wa Mwingereza, ulioanza 1947 ukafa mwaka 1951. Mwingereza alipoondoka aliacha majengo, barabara na ardhi iliyokwishafyekwa. Serikali ya Mwalimu ikawapa FRELIMO. Mahali karanga ziligoma kuota ndipo jeshi la Msumbiji lilipoota.

Nilikuwa mdogo. Ninachokumbuka ni wanawake. Wanaume wenye bunduki tulishawazoea. Ila siku tulipowaona wasichana wamevaa magwanda, wanatembea kwa mstari, bunduki begani, bibi yangu aliweka kinu chini akasimama kuwatazama mpaka wakapotea kwenye kona. Hakusema kitu. Aliporudi kutwanga alikuwa anatabasamu.

Mleta uzi

Shikamoo mzee. Asante sana. Hicho cha bibi na kinu nitakihifadhi.

Wasichana hao ndio Destacamento Feminino, kikosi cha wanawake. Kamati Kuu ya FRELIMO ilipitisha mwaka 1966 kwamba wanawake nao wapewe mafunzo ya kijeshi na ya siasa, na mwaka 1967 kundi la mwanzo la wasichana 25 likaingia Nachingwea. Josina mmoja wao. Hata ndani ya FRELIMO kwenyewe wapo wanaume waliopinga waziwazi. Walisema mwanamke atavuruga nidhamu ya kambi, na kwamba kazi yake ni kupika na kubeba mizigo.

Kubeba mizigo kweli walibeba, na naomba tusipite hapo haraka, maana watu hutaja "kubeba mizigo" kana kwamba si vita. FRELIMO haikuwa na malori ndani ya Msumbiji wala ndege. Silaha zilishushwa Dar, zikaenda kusini mwa Tanzania, zikavushwa Ruvuma kwa mitumbwi, na kuanzia ukingo wa pili ni kichwa cha binadamu. Sanduku la risasi, makombora, dawa, chumvi, nguo. Unatembea siku nyingi kwa mguu, njia zina mabomu ya kutegwa, na juu ndege za Mreno zinazunguka. Ukichoka huwezi kutua mzigo ukauacha, kuna kituo mbele kinaungoja. Kurudi, vichwa vilevile vinabeba majeruhi.

Zaidi ya hapo, hawa wanawake ndio waliokaa na wanavijiji. Mgeni mwanaume mwenye bunduki akiingia kijijini, watu wanajificha. Akiingia msichana, akaketi na kina mama akatwanga nao, maneno yanatoka. Wakawaeleza vita ni ya nani, mahindi yanakwenda wapi, kwa nini mtoto wa kike naye aende shule. Wakalinda maeneo yaliyokombolewa, wakaendesha zahanati. Josina hasa alijishughulisha na watoto yatima na waliopotezana na wazazi wao, akasimamia kuanzishwa kwa vituo vya kuwalea kule Niassa.

Julai 1968 FRELIMO ikafanya mkutano wake mkuu wa pili Matchedje, Niassa, ndani ya ardhi ya Msumbiji. Ulikuwa ujasiri mkubwa, maana Mreno alikuwa anatangaza kwamba hao watu wanaishi Tanzania tu. Josina alikuwa mjumbe. Akasimama kutetea wanawake washiriki kila kitu, kama wanaume. Akapewa kuongoza sehemu ya wanawake kwenye idara ya mambo ya nje, akaanza kuwawakilisha kwenye mikutano ya nje. Ana miaka 23.

Mpenda historia

Uzi mzuri, ila tuseme ukweli dada. Wapiganaji wanawake walikuwa wengi, na wengi wamekufa bila jina. Huyu ana siku yake ya kitaifa kwa sababu alikuwa mke wa mkubwa. Asingeolewa na Samora, leo ungeandika uzi huu?

Mleta uzi

Swali lako ni la haki na halinikasirishi.

Kwanza tazama miaka. Jela 1964, Nachingwea 1967, Matchedje 1968. Ndoa ni Mei 1969. Vyote hivyo vya mwanzo vilikuja Samora akiwa hajawa mumewe. Hakuna cheo alichoingia nacho kwa mlango wa ndoa katika hivyo nilivyovitaja.

Pili, nakubaliana nawe nusu. Ni kweli ndoa ndiyo iliyofanya jina lake lisisahaulike, wakati wenzake wengine kwenye lile kundi la 25 tunawajua kama hesabu tu. Hilo ni deni, na si kosa lake. Lakini angalia lilivyomfanyia na yeye: jina limebaki, mtu kafunikwa. Watu wanamkumbuka mke, hawamkumbuki mpiganaji. Amepotea kwa namna yake.

Na kwa kuwa tunasema ukweli, Samora hakuwa kijana mseja. Kusini aliacha watoto alipokimbia mwaka 1963, na wanawake waliomzalia, Sorita Tchaicomo na Irene Buque. Hao nao waliishi vita yao, wakiwa na watoto wa mtu anayetafutwa na PIDE. Siwezi kumpamba Josina halafu nikawafuta wao.

Mpenda historia

Nimekuelewa. Endelea.

Mleta uzi

Sasa sehemu ngumu.

Februari 3, 1969 Mondlane aliuawa hapa Dar kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu kilichotumwa kwa posta. Alifungua kifurushi akiwa kwenye nyumba ya ufukweni. FRELIMO ikabaki na uongozi wa watu watatu: Uria Simango, Marcelino dos Santos na Samora. Walikuwa hawaelewani, na kila mtu kambini alijua. Mei mwaka huo, katikati ya wasiwasi huo, Samora na Josina wakafunga ndoa Tunduru, kwenye kituo cha FRELIMO. Mwaka huohuo Josina akapewa idara ya mambo ya jamii, yaani yatima, wajane, majeruhi, malezi na elimu ya watoto wa vita. Novemba 1969 akajifungua mtoto wa kiume, wakampa jina la baba yake. Samito.

Mei 1970 Samora akawa rais wa FRELIMO. Kwa hesabu hiyo Josina alikuwa mke wa rais wa chama kwa miezi kumi na moja. Usifikirie ikulu. Fikiria nyumba za kambini na mume anayerudi leo na kuondoka kesho usiku. Julai 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga akamwaga askari wapatao 35,000 kaskazini, akitaka kuimaliza FRELIMO Cabo Delgado na kuziba mpaka wa Ruvuma. Samora alikuwa huko zaidi kuliko nyumbani.

Na Josina alikuwa ameshaanza kuugua. Alidhoofika, akakonda. Mwaka huo wa 1970 akapelekwa Moscow kutibiwa, akaambiwa apumzike.

Hakupumzika. Mwanzoni mwa mwaka 1971 alikuwa tena Msumbiji, kwa miguu, akikagua vituo vya watoto na kufanya mikutano na wanawake. Mtoto wake alikuwa na mwaka mmoja na kidogo, amemwacha nyuma. Mama yeyote anayesoma hapa anajua kilivyo kitu hicho. Sitaki kukipamba kwa maneno ya ushujaa. Kilikuwa na bei, na yeye na mtoto wake ndio walioilipa.

Machi mwili ukakataa. Inasimuliwa kwamba alipokuwa anarudishwa Tanzania alitoa bastola yake, akaomba ipelekwe kwa kamanda wa mkoa, maana yeye hataweza kuitumia tena na silaha bado inahitajika. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara nasimama kwenye hiyo bastola. Alikuwa anajua.

Mwanzoni mwa Aprili akalazwa Muhimbili. Tarehe 7 akafariki. Samora alimwandikia shairi, akimwambia kwamba hakufa.

Dada wa Morogoro

Nimesoma nikiwa kwenye daladala, machozi yananitoka watu wananitazama. Miaka 25 jamani. Mdogo wangu wa mwisho ana 25.

Naomba kuuliza, Graça naye anaingia wapi? Maana mimi mke wa Samora niliyemjua ni yeye.

Mleta uzi

Pole dada yangu.

Graça Simbine alizaliwa mwaka uleule na Josina, Oktoba 1945, mkoa wa Gaza. Yeye njia yake ilipitia Lisbon. Alikuwa anasoma chuo kikuu huko, akaingia harakati za siri, na mwaka 1973 akakimbia na kuja Tanzania. Alipata mafunzo, akafundisha kwenye sekondari ya FRELIMO iliyokuwa Bagamoyo. Uhuru ulipopatikana Juni 25, 1975 akawa waziri wa elimu, mwanamke pekee kwenye baraza la mawaziri, na mwaka huohuo akaolewa na Samora. Kwa hiyo naye, kabla hajawa mke wa rais, alikuwa mtu wa harakati.

Alimlea Samito na watoto wengine wa Samora pamoja na wake. Na binti aliyemzaa yeye mwenyewe, mwaka 1976, akaitwa Josina. Hebu fikiria hilo. Mwanamke anaingia kwenye nyumba ya marehemu, na jina la marehemu linapewa binti yake, liitwe kila siku sebuleni, mezani, uani. Mimi nadhani hakuna mnara unaozidi huo.

Samora alikufa kwa ajali ya ndege Mbuzini, Afrika Kusini, Oktoba 19, 1986. Julai 18, 1998 Graça akaolewa na Mzee Mandela. Hayo mnayajua.

Mdau wa Tabata

Kaburi la Kinondoni bado lipo? Nikienda nitalikuta?

Mleta uzi

Mabaki yake walikuja kuyachukua baada ya uhuru, kama walivyochukua ya Mondlane. Sasa amelazwa Maputo kwenye Uwanja wa Mashujaa, pamoja na Mondlane na Samora. Maputo kuna pia sekondari kubwa yenye jina lake. Zamani shule hiyo iliitwa Liceu Salazar, kwa heshima ya dikteta aliyeitawala Ureno. Wakafuta Salazar, wakaandika Josina Machel. Kila nikilifikiria hilo nafurahi moyoni.

Huku kwetu Samora tunamtaja kila siku, barabara yake iko mjini, tunapita kwenda Posta. Kwa Josina tuna Kurasini, Nachingwea, Tunduru, Muhimbili, Kinondoni. Mahali pote hapo alikanyaga, na watu wetu walimwona kwa macho. Wale waliokuwa na miaka 20 wakati huo sasa wamepita 70. Ndiyo sababu kubwa ya uzi huu. Kama una mzazi, babu au bibi aliyeishi au kufanya kazi maeneo hayo kati ya mwaka 1965 na 1971, mkalishe chini umuulize, halafu njoo utuandikie hapa.

Mzee wa Lindi

Mwanangu, mimi nitakwenda Nachingwea mwezi ujao kwa msiba wa arobaini. Yupo mama mmoja pale aliyekuwa akiwauzia mihogo watu wa kambi. Anasema vizuri bado. Nitakaa naye.

Dada wa Morogoro

Mama mkwe wangu alikuwa muuguzi Muhimbili miaka hiyo. Sijawahi kumuuliza chochote kuhusu kazi yake, nilijua tu alistaafu huko. Jumapili tunakwenda kwake.

Mleta uzi

Muulize, dada. Muulize kama alikuwa zamu wiki hiyo ya Aprili 1971, kama wodini walimjua ni nani au walimhudumia kama mgonjwa yeyote. Muulize nani alikuja kumtazama. Kama Samora aliwahi kufika. Kama mtoto aliletwa. Usimkimbize, mwache aanzie anapotaka. Na kama hakumbuki chochote kuhusu Josina, muulize habari zake yeye mwenyewe, uandike hizo.

Dada wa Morogoro

Sawa dada. Nimeshanunua daftari.